Dakika 15 za kufunga zamu: mwongozo kamili wa kikao cha wahudumu wa afya wakati wa mlipuko

Wafawidhi wa wodi wanaoniandikia kuhusu kikao cha kufunga zamu, yaani dakika 15 za wahudumu kukaa pamoja na kutua mzigo wa siku kabla ya kwenda nyumbani, hunisimulia kisa kilekile. Siku ya kwanza watu walikuja wote, wakaongea, wengine wakalia. Siku ya pili wakaja nusu. Siku ya nne mfawidhi akajikuta benchini na mtu wa usafi, wawili tu. Kisha wananiandikia: "Watu wetu hawapendi kuongea."

Wanaongea sana. Wanaongea koridoni, kwenye daladala, na jikoni usiku wakati wenzao nyumbani wamelala. Kikao hufa kwa sababu kimepangwa vibaya, na makosa yenyewe yanahesabika. Niliyafanya karibu yote mwaka 2021, nilipokuwa nikisimamia jengo la wagonjwa wa kutengwa. Naandika hatua kwa hatua ili usiyarudie.

Mwongozo huu ni wa kiongozi wa zamu, iwe mlipuko ni wa UVIKO-19, Ebola, Marburg au kipindupindu.

## Jua kwanza kikao hiki si kitu gani

Si tiba. Upo mtindo wa kuwakusanya watu mara moja baada ya tukio baya na kumtaka kila mmoja asimulie kwa undani alichokiona na alivyojisikia. Ulipopimwa kwa tafiti, mtindo huo haukuzuia maradhi ya kiwewe, na baadhi ya watu walitoka wameumia zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri usitumike. Kwa hiyo kwenye kikao chetu hakuna anayeombwa kusimulia tukio mwanzo hadi mwisho.

Wala si uchunguzi wa makosa. Sindano iliyomchoma mtu, dawa iliyochelewa, hayo yana daftari lake na saa yake. Ukiyaleta benchini hata mara moja, kesho kila mtu atakuja na jibu la kujitetea.

## Vitu vya kuandaa

- Dakika 15 zilizoandikwa kwenye ratiba ya zamu, kwa idhini ya mganga mfawidhi. Idhini iwe ya maandishi.
- Benchi au viti nje ya eneo la hatari, penye kivuli na hewa, watu wakae wakiwa wameachana zaidi ya mita moja. Chini ya mti ni pazuri kuliko ofisini kwako.
- Maji ya kunywa, na chai na kitafunwa ikiwezekana. Aliyetoka ndani ya mavazi ya kujikinga ametoka jasho jingi, na mwenye kiu na njaa hasikii unachomwambia.
- Orodha ya wote wa zamu, wakiwemo wa usafi, maabara, walinzi na wanaoshughulikia miili ya marehemu.
- Daftari dogo la mambo ya kufuatilia. Ndani yake usiandike jina la mtu wala hisia zake.
- Namba ya simu ya mtaalamu wa afya ya akili aliyekubali mapema kupigiwa, na ya ofisa ustawi wa jamii. Jaribu kuzipiga kabla ya siku ya kwanza.
- Waongozaji wawili wanaopokezana, ili mmoja akiugua kikao kisife.

Kuhusu hiyo orodha ya wote: mapema mwaka 2020 watafiti wa China waliwauliza wahudumu 1,257 wa hospitali zilizokuwa zikipokea wagonjwa wa UVIKO-19, na nusu yao walikuwa na dalili za sonona. Walioulizwa ni madaktari 493 na wauguzi 764. Anayepiga deki na anayefunga miili hawakuhesabiwa. Wewe waite.

## Hatua ya 1: Kata muda ndani ya zamu

Kosa hili peke yake limeua vikao vingi kuliko mengine yote. Kama zamu inaisha saa tisa na nusu alasiri, makabidhiano ya wagonjwa yaanze saa tisa kamili, kikao saa tisa na robo, na saa tisa na nusu watu wawe wanaondoka.

Sababu ni nyepesi. Muuguzi aliyesimama tangu asubuhi, mwenye mtoto anayenyonya nyumbani, ukimwambia abaki "kidogo tu" kwa ajili ya afya yake ya akili, umemwongezea zamu. Atakuja mara moja kwa heshima yako, kisha ataanza kupitia mlango wa nyuma.

Angalizo: funga dakika ya 15 hata kama maongezi yamenoga. Watu wakijua kikao kinaisha kwa wakati, kesho watarudi.

Utajua imefanikiwa pale ambapo hakuna anayechungulia saa.

## Hatua ya 2: Panga watu wawili wawili

Kwenye jengo la kutengwa, kila anayevua mavazi ya kujikinga huwa na mtu wa kumwangalia: glovu kwanza, mikono kwenye klorini, gauni, miwani, barakoa mwisho. Tumia mpango huohuo. Anayeangalia kama glovu imevuliwa sawasawa ndiye atakayeuona mkono unaotetemeka leo ambao juzi haukutetemeka.

Panga wewe, usiwaache wachaguane. Wakichaguana, mpweke hubaki peke yake, na huyo ndiye uliyekuwa unamtafuta. Changanya mzoefu na mgeni. Usimweke mtu na bosi anayemsainia likizo.

Kazi ya mwenza ni ndogo: ahakikishe mwenzake amekunywa maji, amekula, na amuulize swali moja kila siku. Hapo kwenye swali ndipo pagumu.

Salamu zetu zina majibu yake tayari. Ukisema "hujambo", atasema "sijambo". Ukisema "habari za kazi", atasema "nzuri", hata kama ametoka kufunga mwili wa mtoto. Hakudanganyi, lugha imeshamjibia. Hata anayeuguliwa husema "nzuri" kwanza, halafu ndipo anaongeza "isipokuwa…". Sasa kwenye zamu, muulizaji huwa ameshapita kabla "isipokuwa" haijafika.

Kwa hiyo uliza kisicho na jibu la kawaida: "Umelala saa ngapi?" "Umekula nini tangu asubuhi?" "Jana ulipofika nyumbani ulifanya nini?" Asiyelala siku tatu hawezi kujibu "nzuri" kwa swali la saa ngapi.

## Hatua ya 3: Maliza habari za wagonjwa kwanza

Makabidhiano ya wagonjwa yafungwe kabisa kabla hamjakaa. Mtu anayewaza kama amesema kitanda namba 6 kinahitaji dripu mpya hawezi kujifikiria mwenyewe. Mfawidhi wa zamu inayoingia aseme kwa sauti: "Nimepokea." Mabega huwa yanashuka hapohapo.

## Hatua ya 4: Fungua kwa maneno yaleyale kila siku

Haya ndiyo yetu, yachukue au yabadilishe:

"Poleni na kazi. Tuna dakika 15. Kinachosemwa hapa kinabaki hapa, isipokuwa kama maisha ya mtu yako hatarini. Hakuna anayelazimishwa kuongea. Sema 'napita' inatosha. Hatutafuti mkosaji."

Yanachosha kuyarudia, lakini yarudie. Siku ukiyaacha, mgeni wa siku hiyo hatajua yuko salama kiasi gani.

Usianze na hotuba wala matangazo ya wizara. Usianze kwa kuwaita mashujaa. Neno hilo linamfunga mdomo mtu, kwa sababu akishaitwa shujaa atasemaje kwamba anaogopa?

## Hatua ya 5: Zungusha maswali matatu

Kila mmoja apewe kama dakika moja.

La kwanza: "Leo kipi kimekulemea?" La pili: "Kipi kilikwenda vizuri, hata kidogo?" La tatu: "Unahitaji nini ili kesho urudi?"

Mpangilio huu una sababu. Ukianza na la pili, waliolemewa wataona umewaziba. Ukiishia kwenye la kwanza, watu wataondoka na mzigo wa kila mtu juu ya wao wenyewe. La tatu linawarudisha kwenye kitu kinachoweza kufanyika.

Mwongozaji asikilize, ashukuru, apite kwa anayefuata. Asitoe ushauri. Asiulize "ilikuwaje?" wala "ulijisikiaje alipokata roho?" Mtu akianza kusimulia kwa undani na sauti ikimtoka kwa shida, mwambie kwa upole: "Sista, hilo ni zito, nitakaa nawe tukimaliza." Kisha kweli ukae naye.

Kuna siku muuguzi wetu mmoja, mtu mzima wa miaka mingi kazini, alisema sentensi mbili tu. Mgonjwa wake alifariki alfajiri, na taarifa haikuwafikia ndugu mapema. Saa mbili asubuhi akaitwa getini kupokea chakula. "Hotipoti ilikuwa bado ya moto," alisema. "Nikaishika kwa mikono miwili, sikujua pa kuiweka."

Hakuna aliyesema kitu. Kijana wa usafi aliyekaa karibu naye akasukuma kikombe chake cha chai mbele yake. Akanywa. Kwenye swali la tatu akasema: "Ndugu wapigiwe simu kabla ya saa moja." Tangu siku iliyofuata kazi hiyo ikawa na mtu wake kwenye ratiba ya usiku.

Utajua hatua hii imefanikiwa pale wanaosema "napita" wanapoendelea kuja. Ukimya wao usikutishe. Kuna aliyepita siku tisa mfululizo, ya kumi akaongea.

## Hatua ya 6: Siku ya mtungi mmoja na wagonjwa wawili

Uchovu huisha mtu akilala. Kuna kingine ambacho usingizi haukigusi: kuona umeshiriki jambo ambalo dhamiri yako inalikataa, kwa kuwa hukuwa na njia nyingine. Wapo wanaoliita jeraha la dhamiri. Kwenye mlipuko huja kwa sura ya oksijeni, ya kitanda, ya mjukuu anayelia getini kwa sababu bibi yake hawezi kuagwa.

Makosa tunayoyafanya hapa ni mawili. La kwanza ni kusema "usijilaumu". Mtu hajilaumu kwa kupenda, na neno hilo linamwambia tu kwamba hata lawama yake ameikosea. La pili ni kukimbilia "kazi ya Mungu haina makosa". Mwenyewe akiisema, ni faraja yake, iheshimu. Wewe kiongozi ukiisema kwanza, umemfunga mdomo, na huenda ukawa umemsukumia Mungu upungufu wa mitungi.

Sema kilicho kweli, kwa ufupi: "Mtungi wa oksijeni ulikuwa mmoja. Uamuzi ulikuwa wa timu, umeandikwa, na jina langu lipo. Upungufu haukutoka mikononi mwako." Kisha nyamaza.

Ili uweze kuyasema hayo, lazima yawe kweli. Kwa hiyo kabla siku hiyo haijafika, wateueni watu watatu wa kuamua nani apate kifaa kikipungua: daktari, muuguzi mwandamizi, na mmoja asiyehudumu wodi hiyo. Andikeni vigezo. Anayemshika mgonjwa mkono asiwe ndiye anayechagua peke yake saa tisa usiku. Ratiba hiyo ya watu watatu inalinda akili ya wauguzi wako kuliko semina yoyote.

Angalizo: kama kosa la kweli lilifanyika, usilifunike kwa maneno matamu. Mwambie mhusika faragha kwamba litaangaliwa kwa utaratibu wake, na utakuwepo naye.

## Hatua ya 7: Lalamiko moja lijibiwe ndani ya saa 24

Kwenye majibu ya swali la tatu, chagua kimoja kinachowezekana na kiandike: sabuni, barakoa za saizi ndogo, taa ya njia ya choo, usafiri wa usiku. Kesho fungua kikao kwa kusema kimefikia wapi. Kama kimekataliwa, sema kimekataliwa na nani na kwa sababu gani.

Mengine huwezi kuyatatua. Desemba 2020 nchini Kenya, daktari wa miaka 28 aliyehudumu katika kituo cha wagonjwa wa UVIKO-19 alifariki akiwa hajalipwa mshahara kwa miezi kadhaa, na mwezi huohuo madaktari wakagoma. Mtu ambaye hajalipwa hatulizwi kwa kufundishwa kuvuta pumzi. Ukisikia mishahara, posho na bima vikitajwa, vipeleke juu kwa barua na uwaoneshe nakala. Usiwaambie wawe wavumilivu.

## Hatua ya 8: Funga, na watu waende nyumbani

Kila mmoja ataje jambo moja atakalofanya kabla ya kulala ambalo si la hospitali. Yawe madogo: kuoga, kumpigia mama, kumwagilia mchicha. Anayesema "nitasoma taarifa za ugonjwa", mwombe ataje jingine.

Waulize pia kama njia ya nyumbani ni salama. Wengine wanalala chumba cha uani wakiogopa kuwaambukiza watoto, wengine majirani wamewafungia milango. Hilo ni la ofisa ustawi wa jamii, na mara nyingine wewe na mganga mfawidhi kwenda kuongea na mwenye nyumba ana kwa ana kunasaidia kuliko barua.

## Hatua ya 9: Mtambue anayehitaji zaidi ya benchi

Wengi watarudi sawa kwa kulala, kula na kuwa na wenzao. Mfuatilie kwa karibu ukiona haya yakidumu kiasi cha wiki mbili, au yakianza kumzuia kufanya kazi: usingizi umeharibika, hasira kwa wagonjwa, ndoto za tukio lilelile, kukwepa kitanda au chumba fulani, pombe kuongezeka, kujitenga na mwenza wake, kusema maisha hayana maana. Muangalie pia anayebadilika ghafla kuwa mchapakazi kupita kiasi, anayeomba zamu za wenzake zote. Huyo tulikuwa tunamsifu.

Mwite faragha. Eleza ulichoona, si ulichohukumu: "Kaka, wiki hii umeacha kula na wenzako, na mara mbili nimekuona umekaa stoo peke yako. Nina wasiwasi nawe." Kisha uliza waziwazi: "Umefikia kuwaza bora usingekuwepo, au kujidhuru?"

Swali hilo halimpandikizi mtu wazo. Linampa nafasi ya kulitua.

Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Mtoe kwenye majukumu yenye funguo za kabati la dawa. Mpigie mtaalamu mkiwa pamoja, na mpeleke siku hiyohiyo. Usikimbilie polisi, ni suala la afya. Nchini Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, lakini hofu ya kukamatwa bado inawaziba watu midomo hata pale sheria ilipobadilika. Mhakikishie utamsindikiza wewe.

Angalizo kubwa: usigawe diazepam ili watu walale. Sisi tunazo karibu, na ndiyo hatari yenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri dawa za kundi hilo zisitolewe kutuliza kiwewe cha mwezi wa kwanza baada ya tukio. Asiyelala kabisa aonane na daktari, si na kabati.

## Siku mwenzenu akifariki

Siku hiyo usifanye kikao cha kawaida. Sitisha maswali matatu. Taarifa itoke kwako kabla haijatoka WhatsApp, kwa jina la marehemu na kwa maneno ya wazi: amefariki. Omba watu wa zamu nyingine washike wodi angalau kwa saa moja.

Haya si ya kubuni. Rwanda mwaka 2024, kwenye mlipuko wa Marburg uliokuwa na wagonjwa 66 na vifo 15, wengi wa wagonjwa walikuwa wahudumu wa afya. Watu waliwauguza waliokunywa nao chai juzi. Na Gulu, Uganda, mwaka 2000, wauguzi wa hospitali ya Lacor walipokuwa wakifa kwa Ebola, waliobaki walikusanyika wakiwa na hofu na hasira. Dkt. Matthew Lukwiya, mganga mfawidhi wa hospitali hiyo, hakuwatumia tangazo. Alikwenda kukaa nao na kuwasikiliza. Yeye mwenyewe alifariki kwa Ebola tarehe 5 Desemba mwaka huo.

Fanya hivyo: kaa, sikiliza, na asiyeweza kuingia wodini siku hiyo asilazimishwe. Mtu mmoja apewe kazi ya familia ya marehemu: rambirambi, mafao, nguo zake kabatini. Jina lake lisifutwe kwenye ratiba kwa kalamu nyekundu. Andika ratiba mpya.

## Na wewe unayeongoza

Wewe pia uwe na mwenza, asiye chini yako. Nilikuwa nakusanya mizigo ya watu 14 kila alasiri na kwenda nayo nyumbani nikiamini ndiyo kazi yangu. Wiki ya tano nilimfokea binti wa maabara mbele ya watu kwa kosa la kuweka chupa vibaya. Mwongozaji mwenzangu ndiye aliyeniambia: "Dada, kesho naongoza mimi." Ndiyo maana nimeandika waongozaji wawili kwenye vitu vya kuandaa.

## Kikao kiishe lini

Si siku mlipuko unapotangazwa kuisha. Kwa Ebola na Marburg tangazo husubiri siku 42 bila mgonjwa mpya, na katika siku hizo watu hupumua, hulala, na yaliyokuwa yamezuiliwa huanza kutoka. Punguza kutoka kila siku hadi mara moja kwa wiki, uendelee kwa miezi mitatu, ukiwaalika hata waliorudishwa vituo vyao vya zamani.

Kwetu, wa kwanza kuomba mwenyewe kuonana na mtaalamu alikuja wiki ya sita baada ya jengo kufungwa. Alikuja na mwenzake wa kuvuliana mavazi. Huyo ndiye aliyekuwa bado anampigia simu kila jioni, kumuuliza amelala saa ngapi.